Kabla mswada haujafika barabarani

Mswada wa Fedha wa 2024 uliwasilishwa katika Bunge la Taifa la Kenya mwezi Mei. Kama ilivyo ada, wananchi walialikwa kupeleka maoni yao kwa Kamati ya Fedha na Mipango ya Kitaifa, chini ya mwenyekiti wake Kuria Kimani, mbunge wa Molo. Waliokuwa mstari wa mbele ni wale wanaoonekana kila mwaka: wahasibu, mawakili wa ushuru, wenye viwanda, mabenki, watengenezaji wa mikate. Hao huajiri watu wa kuusoma mswada kifungu kwa kifungu, na siku tangazo linapotoka huwa tayari wana la kusema.

Vijana walikuja Juni, tena kwa kishindo. Walipoingia barabarani jijini Nairobi mnamo Juni 18, kamati ilitangaza siku hiyo hiyo, kutoka Ikulu, kwamba ushuru wa asilimia 16 kwa mkate na ule wa asilimia 2.5 kwa magari umeondolewa. Juni 20 maandamano yalikuwa yameshasambaa katika kaunti nyingi. Bungeni, mswada uliposomwa mara ya pili, wabunge 204 waliuunga mkono na 115 wakaupinga. Juni 25 ukapita kwa kura 195 dhidi ya 106. Muda si muda waandamanaji walikuwa ndani ya majengo ya Bunge, na nje polisi walikuwa wakifyatua risasi. Makumi ya Wakenya, wengi wao vijana, walipoteza maisha katika maandamano ya msimu huo. Kesho yake, Juni 26, Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia saini, akaurejesha Bungeni akitaka vifungu vyake vyote vifutwe.

Hadi hapo kisa hiki anakijua kila mtu. Kisichosimuliwa sana ni kilichotokea baada ya miezi mitano. Novemba 2024 Bunge lililetewa miswada mingine ya kurekebisha sheria za ushuru, na ndani yake mlikuwa na baadhi ya mapendekezo yale yale yaliyokuwa yameanguka Juni. Wananchi wakaalikwa tena watoe maoni. Barabara zilikuwa shwari. Desemba 11 Rais akatia saini Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Ushuru, na wengi waliokuwa wamekula moshi wa vitoa machozi walikuja kusikia habari hizo zikiwa zimeshapoa.

Simlaumu aliyeandamana. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa amani bila silaha, na ukweli usiopendeza ni kwamba kabla ya Juni 18 kamati haikuonyesha dalili ya kuogopa barua za mtu yeyote. Lakini barabara ilisimamisha mswada mmoja tu. Bunge huketi, huahirisha vikao na kurudi, hupitisha sheria kubwa na ndogo mwaka baada ya mwaka, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika bila kijana kutazama. Anayetaka sauti yake iwe na uzito katika utawala wa kibunge itabidi aijue kalenda ya Bunge walau nusu ya anavyoijua ratiba ya Ligi Kuu ya Uingereza.

Kenya ina rais mwenye mamlaka makubwa, kwa hiyo ni rahisi kuamini kwamba kila jambo huamuliwa Ikulu na wabunge kazi yao ni kupiga makofi. Mara nyingine huwa hivyo kweli. Hata hivyo Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna ushuru unaoweza kutozwa, kubadilishwa wala kusamehewa ila kwa mujibu wa sheria, na sheria hutungwa Bungeni. Rais anaweza kutaka na waziri anaweza kupendekeza, lakini shilingi haitoki mfukoni mwako kihalali mpaka Bunge limekubali.

Basi kalenda yenyewe ikoje? Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Kila mwaka, kufikia Februari 15, Hazina ya Kitaifa inatakiwa na sheria ya usimamizi wa fedha za umma kuwasilisha Bungeni Taarifa ya Sera ya Bajeti. Huo ni waraka mkavu, umejaa majedwali, na magazeti huupa nafasi ndogo. Lakini ndani yake ndimo mnamopangwa kiwango cha juu cha fedha ambazo kila sekta itapata: elimu, afya, kilimo, usalama. Kufikia Aprili 30 yanakuja makadirio ya bajeti yenyewe, ambayo Katiba inataka yafike Bunge la Taifa angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha. Mei na Juni kamati zinasikiliza. Kufikia Juni 30 lazima yote yawe yamekamilika.

Waziri wa Fedha anapopiga picha na mkoba wake mwezi Juni, akiwa njiani kwenda kusoma bajeti, sehemu kubwa ya mgao imeshaamuliwa. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayelalamika Septemba kwamba mkopo wa masomo wa HELB umechelewa au umepungua analalamikia uamuzi ulioanza kufungwa Februari, wakati yeye na wenzake walikuwa wakijadili mambo mengine kabisa. Kama kuna siku moja ambayo viongozi wa vyama vya wanafunzi wangepaswa kuiandika ukutani, ni hiyo ya Februari 15. Sijasikia wakiitaja katika kampeni zao.

Kuhusu mlango wa kuingilia, Katiba haikuficha kitu. Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge liendeshe shughuli zake waziwazi, vikao vyake na vya kamati zake viwe wazi kwa umma, na liwezeshe wananchi kushiriki katika utungaji wa sheria. Umma na wanahabari hawawezi kufungiwa nje ila kwa sababu maalum ambazo Spika ataona zinastahili. Kwa maneno mengine, kijana mwenye kitambulisho na nguo za heshima anaweza kuketi katika roshani ya wageni akawatazama wabunge wake, na anaweza kuketi katika chumba cha kamati akasikiliza waziri akihojiwa. Asiye na nauli ya kwenda Nairobi anaweza kufuatilia vikao kupitia runinga na mtandaoni, kisha akasoma kumbukumbu rasmi za mjadala, Hansard, katika tovuti ya Bunge, aone mbunge wake alisema nini au kama alifungua kinywa.

Nawashauri vijana waanzie kwenye kamati. Ukumbi mkubwa una siwa, hotuba na vijembe, na unafaa kwa kamera. Kamati ndiko kazi inakofanywa. Huko mswada hupitiwa neno kwa neno, na huko mbunge ambaye jana alikuwa akitoa kauli kali kwenye mazishi huketi kimya akipekua karatasi. Mswada ukishatoka kwa kamati ukarudi ukumbini, vyama huamuru wabunge wao wapigeje kura, na kuanzia hapo nafasi ya mwananchi wa kawaida ya kubadilisha koma moja ni finyu mno. Vijana wa Juni 2024 walifika wakati huo. Walifika mwishoni.

Ukihudhuria vikao vya maoni vinavyofanyika mashinani utaelewa kwa nini wengi hukata tamaa mapema. Ukumbi ni wa kanisa au wa kijamii. Mbele kuna meza ndefu yenye kitambaa, chupa za maji na vipaza sauti viwili, kimoja kibovu. Kwenye viti wamejaa wazee na akina mama walioletwa na machifu, na wengi hawajauona mswada unaojadiliwa. Karani anasoma vichwa vya vifungu kwa Kiingereza. Mzee wa kwanza anasimama, anashukuru kamati kwa kufika, halafu anaomba kisima. Wa pili anataka barabara ipigwe lami. Ombi la kisima ni la haki, ila halihusiani na mswada. Vijana wachache wamesimama mlangoni, mikono mifukoni, wakisubiri kuona kama kuna nauli. Mwishoni kamati inaandika katika ripoti yake kwamba umma ulishirikishwa, na karatasi ya mahudhurio imeambatishwa kama ushahidi.

Mikutano ya aina hiyo haitabadilika yenyewe. Itabadilika siku watakapoingia watu watano wenye nakala ya mswada iliyopigwa mistari ya kalamu, kila mmoja na kifungu chake.

Hoja kwamba vijana hawasomi ilizikwa Juni 2024. Katika majuma machache waligawana mswada mzito ulioandikwa kwa lugha ya mawakili, wakaueleza kwa Kiswahili, Kikuyu, Kijaluo, Kikamba na lugha nyingine katika video fupi za TikTok, wakafungua mijadala ya sauti kwenye X iliyoendelea usiku kucha. Kuna waliounda hata programu za akili bandia za kujibu maswali kuhusu mswada. Hiyo ni kazi ya ofisi kubwa ya mawakili, na ilifanywa bure na watu wenye simu na vifurushi vya bando. Uwezo upo. Kilichokosekana ni wakati tu, yaani utumike wiki tano mapema na matokeo yake yapelekwe kwa karani wa Bunge kwa maandishi.

Maandishi hayo yenyewe si kitu cha kutisha. Kamati kwa kawaida hupenda waraka wa maoni wenye safu tatu: kifungu gani, unapendekeza nini, na kwa sababu gani. Tuchukue ule ushuru wa magari wa 2024. Mswada ulitaka mwenye gari alipe asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, kiasi kisipungue Sh5,000 wala kisizidi Sh100,000. Dereva wa teksi ya programu angeweza kulalama kwamba maisha ni magumu, na kamati ingeitikia kwa kichwa na kumpisha anayefuata. Lakini angeandika hivi: gari langu la Sh1,000,000, ambalo ndilo ofisi yangu, litalipa Sh25,000 kwa mwaka. Gari la Sh4,000,000 litalipa Sh100,000. Gari la Sh40,000,000 pia litalipa Sh100,000. Naomba kamati inieleze kwa nini mwenye gari la bei mara kumi asilipe hata senti zaidi. Hesabu hiyo ni ya darasa la saba, inaingia kwenye nusu ukurasa, na hakuna mwenyekiti wa kamati anayefurahia kuijibu mbele ya wanahabari.

Waraka huo unaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Kifungu cha 120 cha Katiba kinataja lugha rasmi za Bunge kuwa Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Ni aibu basi kwamba miswada yenyewe huchapishwa kwa Kiingereza, na mwendesha bodaboda wa Likoni anaombwa atoe maoni juu ya kitu kilichoandikwa kwa ajili ya wakili wa Upper Hill. Bunge lina wafanyakazi na bajeti ya kutosha kutoa muhtasari wa kurasa nne kwa Kiswahili kwa kila mswada wa fedha. Halina kisingizio.

Je, barua hizi huwahi kubadilisha chochote? Mwaka wa 2025 ulitoa jibu la wazi kuliko kawaida. Mswada wa Fedha wa mwaka huo, katika kifungu cha 52, ulitaka kuondoa kinga ya kisheria iliyokuwa ikizuia Mamlaka ya Ushuru Nchini, KRA, kudai siri za kibiashara na data binafsi za wateja kutoka kwa wafanyabiashara. Kingepita, mawasiliano na miamala ya watu ingekuwa wazi zaidi kwa mtoza ushuru. Wanasheria, wahasibu na watetezi wa faragha waliandika, wakafika mbele ya kamati, wakaonyesha jinsi kilivyogongana na Kifungu cha 31 cha Katiba kinacholinda faragha. Kamati ikakiondoa. Rais alitia saini Sheria ya Fedha ya 2025 mnamo Juni 26, na kifungu hicho hakikuwemo. Kishindo cha mwaka uliotangulia kilikuwa bado masikioni mwa wabunge, hilo sibishi. Lakini kilichowapa sababu ya kuandika katika ripoti yao kilikuwa karatasi.

Mwaka huo huo ulionyesha pia upande wa pili. Mwanamke kijana, mtaalamu wa programu, alitengeneza tovuti iliyomwezesha mwananchi kutuma barua pepe ya kupinga mswada moja kwa moja kwa kamati. Alikamatwa mwishoni mwa Mei, akalazwa korokoroni wikendi nzima, akashtakiwa chini ya sheria ya uhalifu wa mitandaoni. Juni 20 mahakama ilitupilia mbali mashtaka kwa kuwa hayakuonyesha kosa lolote linalojulikana kisheria. Fikiria hilo kidogo. Serikali ambayo kwa mwaka mzima ilikuwa ikiwahimiza vijana waondoke barabarani na kufuata taratibu ilimkamata kijana aliyefuata taratibu. Anayeshangaa kwa nini wengi bado wanaamini mawe kuliko barua asitafute jibu mbali.

Bunge nalo lina deni la majibu. Julai 31, 2024 Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Sheria yote ya Fedha ya 2023, miongoni mwa sababu zake ikiwa kwamba Bunge halikueleza kwa nini lilikubali au kukataa maoni ya wananchi, na kwamba vifungu vingine viliingizwa baada ya umma kumaliza kusikilizwa. Oktoba 29 Mahakama ya Juu ilibatilisha uamuzi huo na sheria ikabaki. Wabunge walishusha pumzi. Mimi naona walishinda kesi wakapoteza nafasi. Ukimwita mtu aje na maoni, akaacha kibarua chake siku nzima, akasema, halafu asipate hata mstari mmoja wa kumwambia ombi lako tumelikataa kwa sababu hii, usitarajie atarudi mwakani.

Mbali na bajeti, kuna njia ambayo vijana wameipuuza mno, nayo ni ombi rasmi kwa Bunge. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake, pamoja na kutunga, kurekebisha au kufuta sheria. Kila mtu, hata mmoja. Ombi laweza kuandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kufutwafutwa. Ulielekeze kwa Bunge, useme kama jambo hilo liko mahakamani au la, ueleze unachotaka kifanywe, utie sahihi au kidole. Unaweza kulipeleka mwenyewe kwa karani au ukampa mbunge aliwasilishe kwa niaba yako. Bunge la Taifa lina Kamati ya Maombi ya Umma ambayo kazi yake ni hiyo. Ombi zuri huwa fupi na huomba kitu kimoja. Lenye kurasa ishirini za hasira huishia kabatini.

Karibu zaidi na nyumbani kuna bunge la kaunti, ambalo vijana wa mijini hulidharau kwa sababu halina kamera nyingi. Kaunti 47, kila moja na bunge lake, na kila bunge likipitisha ada za soko, leseni za vibanda, maegesho na kodi za mabango. Kijana anayeuza mitumba Gikomba au viazi karai pale Mwembe Tayari hukutana na sheria ya kaunti kila asubuhi kabla hajakutana na sheria ya Bunge la Taifa. Kaunti nazo zina Miswada yake ya Fedha, na kufikia Februari 28 hupeleka bungeni mwao waraka wa mikakati ya matumizi. Vikao vya maoni hufanyika wadini, umbali wa kutembea kwa miguu. Mwakilishi wa wadi hana walinzi wengi, na mara nyingi nambari yake ya simu iko kwa mama mboga.

Haya yote hayachukui nafasi ya kura. Kwa sensa ya 2019, robo tatu ya Wakenya walikuwa chini ya umri wa miaka 35. Lakini katika daftari la wapiga kura la 2022, lenye watu zaidi ya milioni 22, vijana walikuwa karibu asilimia 40 tu, na idadi yao ilikuwa imeshuka kuliko 2017. Siku ya uchaguzi, kati ya wapiga kura wote waliosajiliwa, ni takriban asilimia 65 waliofika vituoni. Mbunge anazisoma takwimu hizo kuliko anavyosoma hashitagi. Anajua kina nani watakuja na kina nani wataandika kwenye simu wakiwa kitandani, na anapanga basari, mazishi na matamko yake kwa kuzingatia hilo.

Sio wote wasiojisajili ni wavivu, lazima niseme. Vijana wa Kaskazini Mashariki, Wanubi na baadhi ya jamii za Pwani kwa miaka mingi walipitishwa kwenye mahojiano ya ziada kabla ya kupewa kitambulisho, wakaulizwa hati za babu aliyezaliwa kabla ya uhuru, wakaambiwa njoo kesho mpaka wakachoka. Februari 2025 Rais alitangaza mjini Wajir kwamba mahojiano hayo yamekomeshwa. Anayebanwa bado na afisa wa usajili sasa ana tamko la kumwonyesha, na ana mbunge wa kumtuma ofisini. Ampeleke. Hiyo pia ni kazi ya mbunge.

Kisha kuna kuingia ndani kabisa na kukaa kwenye kiti. Katiba inamwita kijana mtu aliyefikisha miaka 18 na hajafika 35. Inawatengea vijana viti viwili katika Seneti, cha mwanamume na cha mwanamke, na inawataja miongoni mwa makundi yanayostahili viti 12 vya kuteuliwa katika Bunge la Taifa. Viti hivyo hugawanywa kati ya vyama kulingana na nguvu yao, kwa hiyo anayevitaka lazima ajulikane chamani mapema, wakati orodha bado haijaandikwa. Orodha huandikwa na watu wachache, na kijana ambaye mchango wake pekee ni kucheza kwenye lori la kampeni hawatamkumbuka.

Johnson Sakaja aliingia Bungeni 2013 kwa kuteuliwa, kabla ya kutimiza miaka 30, na akadhamini mswada uliozaa Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ya 2016. Waweza kubishana kama mamlaka hiyo imempatia kijana yeyote kazi. Mimi nina shaka. Lakini mswada ulipita, na ulibebwa na kijana.

Wengine hawakusubiri kuteuliwa. Mwaka wa 2017 John Paul Mwirigi, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye umri wa miaka 23, aligombea Igembe Kusini huko Meru bila chama na bila pesa, akizunguka vijiji kwa miguu, akawashinda wagombea wenye magari. Wapiga kura walimrudisha 2022, safari hiyo kwa tiketi ya chama cha UDA. Mwaka huo wa 2022 Linet Chepkorir alichaguliwa mwakilishi wa kike wa Bomet akiwa na miaka 24. Wawili hao hutajwa kila mara kwa sababu mifano ni michache, na ni michache kwa sababu ya pesa. Sheria ya 2013 ya kudhibiti matumizi ya kampeni haijawahi kutumika katika uchaguzi wowote, kwa kuwa wanaopaswa kuipitishia kanuni ni wale wale inaowabana.

Tume ya uchaguzi, IEBC, huwapa vijana nafuu: katika uchaguzi wa 2022 mgombea ubunge alilipa Sh20,000 na kijana akalipa nusu yake; kwa mwakilishi wa wadi ilikuwa Sh5,000, na kijana Sh2,500. Ada za vyama katika mchujo ndizo huua ndoto. Kwa hiyo naona vijana wengi wangeanzia wadini, na waanzie kama wagombea huru. Sahihi zinazotakiwa ni 500 za wapiga kura waliosajiliwa katika wadi hiyo. Kwa ubunge ni 1,000 za eneobunge. Kijana ambaye amepeleka waraka wa maoni kwa bunge la kaunti miaka miwili mfululizo, akasimama kwenye ukumbi wa kanisa akataja kifungu na ukurasa, atazipata sahihi hizo bila kumnunulia mtu chai.

Uchaguzi ujao ni Jumanne, Agosti 10, 2027. Mgombea huru haruhusiwi kuwa mwanachama wa chama chochote kwa muda wa angalau miezi mitatu kabla ya siku hiyo, na Wakenya wengi wamewahi kujikuta wamesajiliwa katika vyama wasivyovijua. Ingia kwenye tovuti ya eCitizen, katika huduma za Msajili wa Vyama vya Kisiasa, uangalie jina lako liko wapi. Ukilikuta mahali usipopataka, jiuzulu sasa, kwa maandishi, na uhifadhi nakala.